Sura ya Nne: Haramu na Marufuku

Tarehe 25 Januari 2021 Rais wa Ethiopia, Mama Sahle-Work Zewde, alifika Chato, mkoani Geita, kuonana na Rais John Magufuli. Yalizungumzwa mengi siku hiyo, lakini mimi lililonikaa moyoni ni moja: Rais Magufuli alitangaza kuwasamehe na kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa wamefungwa Tanzania kwa kosa la kuingia nchini bila kibali, warudishwe kwao.

Nilifurahi kama walivyofurahi wengi. Baadaye, furaha ilipopoa, neno msamaha likaanza kunisumbua. Ukisikia mtu kasamehewa, ujue yupo aliyekosewa. Aliyeibiwa ng'ombe husamehe. Aliyepigwa husamehe. Mjane wa aliyegongwa na gari husamehe akiweza. Watu 1,789 ukiwakusanya pamoja ni kijiji kizima, chenye zahanati yake na shule yake. Kijiji hicho kilimkosea nani? Sikupata mtu wa kumtaja, na sura hii yote imetokana na kumtafuta mtu huyo.

Wengi wao hawakuwa wanakuja kwetu. Sisi tunawaita Wahabeshi wote kwa pamoja, ingawa sehemu kubwa ya wanaopita njia hii ni Wahadiya na Wakembata wa kusini mwa Ethiopia, pande za mji wa Hosanna, na wao wenyewe hawajiiti hivyo. Nchi yao ina rutuba lakini imejaa watu. Shamba la baba likigawanywa kwa watoto wa kiume watano, kila mmoja anabaki na kipande cha kuotesha ensete, ule mmea unaofanana na mgomba ambao ndio chakula kikuu cha kule. Kijana anakua akisikia habari za Johannesburg, mtaa wa Jeppe, ambako Waethiopia wana maduka ya nguo na mablanketi yaliyobanana ghorofa juu ya ghorofa. Anayepanga safari huitwa delala. Ni neno letu lilelile, dalali, kwani sisi na wao tumelipata kwa Mwarabu.

Dalali anapokea fedha za ng'ombe waliouzwa na za mikopo ya ndugu. Kijana anavuka Moyale, anafichwa Nairobi chumbani na wenzake siku kadhaa, kisha anaingia Tanzania kwa njia za panya, huku Namanga, Holili au Horohoro ikiwa taa tu za mbali. Kutoka hapo hadi Kasumulu, ambako mto Songwe unatutenganisha na Malawi, ni zaidi ya kilomita 1,000. Barabara ndefu kiasi hicho ina mizani mingi na vizuizi vingi vya polisi, na gari lililobeba watu chini ya turubai halipiti salama kila mara.

Wakikamatwa, mambo huenda upesi. Hupandishwa kizimbani kwa makundi, ishirini, thelathini, na nguo zilezile walizokamatwa nazo. Hutafutwa mkalimani wa Kiamhari, lugha ambayo baadhi yao waliisikia shuleni tu. Shitaka husomwa na wao hukiri, kwa kuwa hawana la kukana: ni kweli hawana pasipoti, ni kweli hawana viza, ni kweli wako Tanzania. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, imeweka faini isiyopungua shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Kenya sheria yake ya 2011 inasema faini isiyozidi shilingi 500,000 za kwao, au miaka hiyohiyo mitatu. Ng'ombe walishauzwa. Hakuna wa kulipa. Wanakwenda jela.

Sasa tulitazame tulilolifanya. Tulitaka mtu huyu aondoke. Yeye mwenyewe alitaka kuondoka, tena alikuwa na haraka kuliko sisi. Tukamkamata, tukamweka mwaka mmoja, miwili, mitatu, tukamlisha, tukamlinda, tukamtibu malaria. Kifungo kikaisha, na bado hakuondoka, kwa sababu mtu wa aina hii hafunguliwi mlango akaenda zake. Hukabidhiwa Idara ya Uhamiaji hadi ipatikane nauli ya kumrudisha. Wapo waliomaliza vifungo wakaendelea kukaa gerezani wakisubiri nauli, na mara nyingi iliyokuja kuwatoa ni IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, kwa fedha za wafadhili. Magereza yenyewe yamejaa wenyeji. Nimejaribu kwa nia njema kabisa kuona faida ya mpango huu kwa Mtanzania wa Kongwa au wa Tunduma, sijaiona.

Na mtu huyo tunamwita mhamiaji haramu.

Naomba nikae kidogo kwenye neno hili, maana nadhani ndipo kosa letu lilipoanzia. Haramu halikuzaliwa kituo cha polisi. Limetufikia kutoka kwenye dini, na mahali pake ni pamoja na riba, nguruwe na damu ya asiye na hatia. Haramu ni haramu Tanga na Muscat, jana na kesho, wala hakuna Bunge linaloweza kukaa asubuhi likaigeuza halali ifikapo jioni. Kwa yale yanayokatazwa na serikali ili mambo yaende kwa utaratibu, Kiswahili kina neno jingine kabisa: marufuku. Kuvua kwa kokoro ni marufuku. Kupiga picha kambi ya jeshi ni marufuku. Kutoka nje usiku wakati wa hali ya hatari ni marufuku. Marufuku ina tarehe ya kuanza na inaweza kuwa na tarehe ya kwisha, na anayeivunja anaweza kuwa mtu mwema aliyechelewa kumtafutia mwanawe dawa. Wanasheria nao wanaijua tofauti hii: kuna makosa ambayo ni maovu yenyewe, kama kuua na kuiba, na kuna makosa ambayo ni makosa kwa kuwa sheria imesema hivyo. Muuzaji wa sokoni hahitaji kufundishwa na wakili. Ukimwambia jirani yake kakamatwa kwa wizi, anauliza kaiba nini. Ukimwambia kakamatwa kwa kukosa leseni, anauliza faini ni shilingi ngapi.

Tena tazama neno lilipobandikwa. Hatukuridhika kusema safari ilikuwa haramu, tumelivisha mtu. Kiswahili kiliwahi kufanya hivi zamani, kwa mwanaharamu. Tendo lilikuwa la watu wazima wawili, jina akapewa mtoto. Leo watu wenye adabu husema mtoto wa nje ya ndoa, na wengi husema mtoto tu. Mimi ningependa Uhamiaji, polisi na sisi waandishi wa habari tuseme mhamiaji asiye na kibali. Ni neno refu kidogo kwenye kichwa cha habari, lakini linasema kinachokosekana, ambacho ni karatasi.

Maana kuvuka kwenyewe hakuna uovu ndani yake. Mnyakyusa ameuvuka Songwe kwenda kwa jamaa zake Wangonde tangu kabla upande wa pili haujaitwa Malawi. Mdigo ana shangazi Vanga na mjomba Horohoro. Mstari unaoanzia karibu na Vanga ukaenda hadi Ziwa Viktoria, na kupinda kuuacha Kilimanjaro upande wa kusini, ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na Mmaasai aliyekuwa anachunga siku hiyo hakuambiwa.

Kuna mahali ambapo tendo moja liligeuka kosa kwa siku inayojulikana, na si mbali na sisi. Kwa vizazi vingi mtu wa Nzwani, katika visiwa vya Komoro, alivuka bahari kwenda Maore, ambayo ramani nyingi huiita Mayotte. Ni kilomita 70 hivi. Alikwenda kuoa, kuzika, kuuza mazao, kumtazama mgonjwa. Lugha za visiwa hivyo ni ndugu wa Kiswahili. Mtu wa Unguja akitega sikio vizuri hashindwi kufuata mazungumzo ya harusi. Mwaka 1975 visiwa vitatu vilijitangazia uhuru na Maore ikabaki chini ya Ufaransa. Hata baada ya hapo watu waliendelea kuvuka kama kawaida yao, miaka karibu ishirini. Ndipo Januari 1995 serikali ya Waziri Mkuu Édouard Balladur ikaweka viza kwa Wakomoro.

Bahari haikuhama. Mashua ni zilezile, dada aliyeolewa ng'ambo ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba aliyekuwa anasafiri mchana, kwa nahodha anayejulikana, sasa anasafiri usiku, katika mashua ndogo ya kuvulia iitwayo kwassa-kwassa, imebeba watu kupita uwezo wake, nahodha akiikwepa boti ya doria kwa kupita kwenye miamba. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba waliokufa katika mkondo huo tangu 1995 walikuwa kati ya 7,000 na 10,000. Sisi wa pwani tunaujua msiba wa mashua moja. Tunajua jinsi mtaa mzima unavyokaa ufukweni siku tatu. Hebu fikiria msiba huo ukirudiwa hadi kufika idadi hiyo, kwa ajili ya mhuri wa pasipoti.

Tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kiliipiga Maore kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Serikali ilikuwa imefungua majengo ya kujihifadhi. Maofisa walieleza baadaye kwamba wengi wasio na vibali hawakwenda. Waliamini ni mtego wa kuwakamata wawarudishe. Wakabaki ndani ya vibanda vya mabati, na mabati yale yaling'olewa na upepo. Mtu aliyefundishwa kwamba yeye mwenyewe ni kosa hawezi kuuamini mlango uliofunguliwa na serikali, hata siku ya kimbunga.

Woga huo ndio ninaouogopa kuliko vyote, na kwetu umeshaua.

Mwezi Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini Chitego, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Walikuwa wamepakiwa katika lori na wakakosa hewa. Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, maofisa walisikia vishindo ndani ya kontena lililokuwa juu ya lori lililotoka Malawi. Walipolifungua walikuta watu 78. Waliokuwa hai ni 14. Oktoba 2022 kaburi la pamoja likagunduliwa katika msitu wa Mtangatanga, wilaya ya Mzimba, Malawi, likiwa na miili zaidi ya 25 iliyoaminika kuwa ya vijana wa njia hiihii. Desemba mwaka huohuo miili 27 ilikutwa kando ya barabara Ngwerere, nje ya Lusaka, na pamoja nayo alikuwapo mtu mmoja aliyekuwa bado anapumua.

Nimekuwa nikimfikiria mtu aliye ndani ya kontena. Anasikia lori limesimama. Anasikia sauti za watu nje, labda ni mizani, labda ni kizuizi. Hewa inaanza kuwa nzito. Ana hesabu moja ya kufanya, na lazima aifanye upesi: akigonga ataokoka na kufungwa, akinyamaza huenda atafika. Kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye deni la ng'ombe wa baba yake, huwa anaamini kwamba atafika. Sheria inayomwambia mtu kwamba akiomba msaada atahukumiwa imekwisha kuchagua upande katika hesabu hiyo, hata kama aliyeiandika hakukusudia.

Baada ya hapo kuna swali la ushahidi. Dalali hayumo ndani ya lori. Yuko Nairobi, yuko Hosanna, ana simu tatu. Anayejua namba zake, nyumba aliyowalaza, dereva aliyempa fedha na kizuizi ambacho dereva hakusimamishwa ni yule kijana aliyebebwa. Yeye ndiye shahidi wa kwanza na pengine wa pekee. Sisi tunamfanya mshitakiwa. Anakiri ndani ya dakika chache, anaondolewa, na yote anayoyajua anakwenda nayo gerezani. Sheria yetu imeweka adhabu kali kwa msafirishaji, hadi miaka 20, na mimi naiunga mkono bila kusita. Lakini huwezi kumfunga mwindaji kwa ushahidi wa swala uliyemfunga kwanza.

Jambo hili halikusahaulika duniani. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji kwa magendo, ambayo Tanzania na Kenya zote zimeiridhia, inasema mhamiaji asishitakiwe chini yake kwa sababu tu ya kusafirishwa. Nikisema hapo nikanyamaza nitakuwa nimekudanganya, maana itifaki hiyohiyo inaiachia kila nchi nafasi ya kumchukulia hatua anayevunja sheria zake za ndani. Mlango umeachwa wazi nusu, na nchi nyingi zimepita hapo. Wakimbizi wana kinga iliyo imara zaidi: Mkataba wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu kwa kuingia bila kibali mtu aliyekimbia hatari moja kwa moja, mradi ajitokeze bila kuchelewa, na sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 inampa siku saba. Lakini sitaki kujificha nyuma ya wakimbizi. Kijana wa Hosanna mara nyingi hakimbii risasi. Anatafuta kazi. Hoja yangu inamhusu yeye hasa, yule ambaye hana mkataba wa kumtetea.

Watu huniambia: kila nchi hufanya hivi, na imekuwa hivyo siku zote. Si siku zote. Marekani, ambayo mpaka wake wa kusini hutajwa kila siku kwenye habari, ilikaa zaidi ya miaka 150 bila kuhesabu kuvuka mpaka kuwa jinai. Ilikuwa na sheria za kuwazuia watu na kuwarudisha, nyingine za ubaguzi mtupu, kama zile dhidi ya Wachina. Ila mwaka 1896, katika kesi ya Mchina Wong Wing, aliyeamriwa kutumikia kazi ngumu kabla ya kufukuzwa, Mahakama ya Juu ilichora mstari: kumrudisha mtu kwao si adhabu, bali kumfunga kwa kazi ngumu ni adhabu, na adhabu haitolewi bila kesi. Jinai ilikuja Machi 1929. Aliyeisukuma ni Seneta Coleman Blease wa South Carolina, mtu aliyetetea hadharani kuuawa kwa watu weusi na makundi ya wazungu. Wenye mashamba makubwa walitaka vibarua wa Mexico, na wenzake Blease hawakutaka Wamexico wakae. Sheria ikawapa kila mmoja lake: kibarua atakuja, lakini akipita pasipo kituo rasmi ni mhalifu, na akirudi baada ya kufukuzwa ni mhalifu mkubwa zaidi.

Miaka 89 baadaye, Aprili 2018, Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions aliagiza kila mtu mzima aliyevuka mpaka huo bila kibali ashitakiwe, asiachwe hata mmoja. Mtoto haingii jela na mama yake. Ndani ya wiki kama sita watoto zaidi ya 2,000 walitenganishwa na wazazi wao, baadhi yao hawajui hata kutamka jina lote la baba. Tarehe 26 Juni jaji Dana Sabraw wa San Diego aliamuru warudishiwe wazazi wao. Nakitaja kisa hiki kwa sababu moja. Hapakutungwa sheria mpya ya kunyang'anya watoto. Ilitosha kuichukua sheria ya 1929 na kuitumia kwa ukamilifu. Sheria ya adhabu ikikaa vitabuni inaweza kuonekana ya upole miaka mingi, kwa kuwa wenye kuitumia wana huruma au wamechoka, hadi siku atakapokuja asiye na huruma akaikuta iko tayari.

Sasa niwasikilize wanaonipinga, kwani nawaheshimu na baadhi yao ni ndugu zangu.

Wa kwanza anasema nchi lazima ijue nani ameingia. Nakubali, tena kwa moyo wote. Mwalimu Nyerere, ambaye serikali yake iliwapokea wakimbizi wengi hata akapewa medali ya Nansen mwaka 1983, ndiye aliyepeleka hoja Cairo mwaka 1964 kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka ziliyoikuta siku ya uhuru. Aliona hakuna mgongano kati ya kuulinda mlango na kumpokea mgeni. Mimi pia sioni. Asiye na kibali azuiwe, aandikishwe, arudishwe, na akirudi tena bila ruhusa arudishwe tena.

Wa pili anasema: na magaidi je? Hapa hasira yake ina haki, kwa sababu watu wetu wamekufa. Jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi. Lakini kuja na bunduki kuua ni jinai kila mahali, ina adhabu zake kubwa, na hakuna anayependekeza ziguswe. Aprili 2014 Kenya iliendesha operesheni ya Usalama Watch, ikakamata maelfu ya watu, hasa Wasomali, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa Kasarani. Mwaka mmoja baadaye ikaja Garissa, na mmoja wa washambuliaji alikuwa raia wa Kenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Hakuhitaji njia ya panya. Askari aliyepewa kazi ya kuhesabu vijana thelathini waliokuwa wanakwenda Jeppe kuuza mablanketi hakuwa mahali pengine akimtafuta mtu wa aina ile.

Wa tatu husema kifungo kinatisha, na wengine hawatakuja. Haya, tumekijaribu. Baada ya miaka yote hiyo ya kufunga, Januari 2021 walikuwamo 1,789.

Hoja inayoniumiza kichwa kweli ni ya nne, na husemwa kwa upole: je, huyu aliyepanga foleni ubalozini, akalipa, akajaza fomu, akanyimwa, akakaa kwao, tunamwambia nini? Ana haki ya kuona amedhulumiwa. Jibu langu, ambalo silioni kuwa kamili, ni kwamba anayeruka foleni anastahili kupoteza alichokuja kukitafuta. Arudishwe, asafiri bure bila kupata kitu, afungiwe mlango kwa miaka kadhaa. Hiyo ni hasara kubwa kwa mtu aliyeuza ng'ombe wote. Kuongeza jela juu yake hakumrudishii mwenye foleni chochote.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililigusa jambo hili tarehe 28 Aprili 2011. Raia wa Algeria, El Dridi, alikuwa amehukumiwa kifungo cha mwaka mmoja Trento, Italia, kwa kutotii amri ya kuondoka nchini. Mahakama ilisema kifungo cha namna hiyo kinakwamisha kile ambacho nchi inadai kukitaka, yaani mtu aondoke. Wazungu hawa si malaika. Italia ilikuwa imeshafanya kuingia bila kibali kuwa kosa la jinai mwaka 2009, na walionusurika Lampedusa tarehe 3 Oktoba 2013, chombo kilipozama na kuua zaidi ya watu 360, waliandikwa kuwa watuhumiwa wa kosa hilo maji ya bahari yakiwa bado nguoni. Lakini hoja ya mahakama ni hoja nzuri hata ikitoka kwa wenye dosari, na inatufaa.

Ningependa kuona hivi. Kuingia bila kibali kubaki marufuku na kuondolewa katika orodha ya jinai. Anayekamatwa apelekwe kwa ofisa wa Uhamiaji, asipelekwe kizimbani. Akae mahali penye ulinzi palipo tofauti na gereza, kwa siku zinazohesabika zilizoandikwa katika sheria, mbele ya hakimu anayeweza kuuliza kwa nini bado yupo. Aulizwe kuhusu dalali na dereva, kwa lugha anayoiota, na akikubali kutoa ushahidi asubiri kesi akiwa chini ya ulinzi wa shahidi. Gharama ya nauli itozwe kwa wasafirishaji: malori yanakamatwa, yana thamani, yauzwe. Kugonga kutoka ndani ya kontena kuwe na jibu moja tu, nalo ni kufunguliwa.

Nasi tuna watoto wetu barabarani. Vijana wa Tanga, wa Temeke, wa Unguja wanazamia. Wengine wamezamia meli hadi bandari wasizozijua majina. Wengi wameishia Sauzi, Durban na Cape Town, wakilala karibu na bandari na kuzitazama meli. Sheria ya uhamiaji ya Afrika Kusini nayo inaruhusu kifungo, hadi miaka miwili, lakini wengi wanaokamatwa hupitishwa Lindela, kituo kilichoko Krugersdorp cha kuwashikilia wanaorudishwa makwao. Kukaa humo kupita siku 30 kunahitaji kibali cha mahakama, na sheria imeweka kikomo cha siku 120. Ni kituo chenye malalamiko mengi, wala sikisifu.

Lakini namjua mama anayepokea simu ya huko. Yumo karibu kila mtaa wa pwani. Simu ikiita kwa namba ndefu ya ng'ambo anaipokea kwa mikono miwili. Mwanawe anamweleza kwa haraka, salio linakwisha. Mama hamuulizi kama amevunja sheria, hilo analijua tangu siku alipoamka akakuta kitanda kitupu na viatu havipo. Anamuuliza kama anakula. Kisha anamuuliza wanamrudisha lini.

Kule Hosanna yupo mama mwingine, naye anauliza hivyohivyo, kuhusu gereza la Mbeya.